Kim Il Sung yupi ushike: wa Pyongyang, wa Seoul ya zamani au wa nyaraka za Moscow?

Nilipokuwa mdogo kwa baba mdogo kulikuwa na rundo la majarida ya rangi kutoka Pyongyang, karatasi nzito zinang'aa, na karibu kila ukurasa yupo mzee mmoja mnene mwenye tabasamu, mara anaelekeza wakulima, mara wavuvi, mara wafanyakazi wa kiwandani, na pembeni yake watu na vidaftari wanaandika kila anachosema. Baba mdogo alimheshimu sana yule mzee, alikuwa anatuambia huyu ndo aliyewatoa Wajapani Korea. Miaka imepita nikakutana na jamaa aliyewahi kukaa Korea Kusini, nikamtajia habari za Kim Il Sung, ndo jina la yule mzee, mwanzilishi wa Korea Kaskazini, akaniambia achana nazo, wazee wa kule wamefundishwa shuleni kwamba yule alikuwa feki, hata jina aliiba. Nikabaki na hizo habari mbili kichwani, hazikai pamoja hata kidogo, mpaka nilipoanza kusoma yaliyotoka kwenye makabati ya Moscow baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, nikakuta kumbe yupo Kim wa tatu ambaye hafanani na hao wawili.

Sasa kwa sababu naona watu bado wanabishana, na kuna vijana wanaandaa mada za shule wanabeba chochote wanachokutana nacho, nimeona niwapange hawa Kim watatu, tuwaangalie jambo kwa jambo, kila mtu achague akijua anachagua nini. Niseme mapema msimamo wangu ili usije ukasema nimekuficha: mimi nashika Kim wa nyaraka. Ila naomba usikimbilie kuwatupa wale wengine wawili kabla hujanisikiliza, maana simulizi ya Pyongyang ina ukweli mkubwa ndani yake, na simulizi ya Seoul ya zamani ina sababu iliyofanya watu waihitaji.

Kwa kifupi kabisa ni hivi. Kim wa Pyongyang ni jemedari aliyeanza mapinduzi akiwa na miaka 14, akaunda jeshi la Wakorea, akaishinda Japani, akaishinda Marekani, akajenga nchi. Kim wa Seoul ya zamani, nazungumzia enzi za Syngman Rhee, rais wa kwanza wa Korea Kusini, na zile serikali za wanajeshi zilizofuata, ni kijana asiye na historia, Warusi wamemwokota wakamvika jina la shujaa mwingine. Kim wa nyaraka ni mpiganaji wa kweli wa msituni, wa ngazi ya kati, mwenye bahati kubwa na akili ya siasa kubwa zaidi, aliyefika juu kwa mgongo wa jeshi la Kirusi alafu akahakikisha hakuna mtu yeyote anayebaki wa kumkumbusha hilo.

Alikotoka, na hili suala la jina

Hapa wote wanakubaliana kwamba alizaliwa tarehe 15 Aprili 1912 Mangyongdae, nje kidogo ya Pyongyang, na jina alilopewa na wazazi ni Kim Song-ju. Pyongyang wanaongeza kwamba babu wa baba yake ndo aliyeongoza watu kuichoma meli ya Kimarekani General Sherman mwaka 1866, yani ukoo mzima ni wa mapinduzi tangu zamani. Kitu wanachokipita haraka haraka ni kanisa. Baba yake Kim Hyong-jik alisoma shule ya wamisionari, babu yake upande wa mama alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri, na mama yake aliitwa Kang Pan-sok, hilo Pan-sok maana yake mwamba, ni Petro kabisa yule wa kwenye Injili. Pyongyang ya wakati ule ilikuwa na Wakristo wengi mpaka wamisionari wakaiita Yerusalemu ya Mashariki. Mimi nikiangalia baadaye jinsi watu walivyokusanywa kila wiki kujikosoa mbele ya wenzao, na picha ya baba na mwana ukutani kila nyumba, naona yule mtoto alikaa kanisani akaangalia vizuri jinsi waumini wanavyoshikwa pamoja, ingawa hayo ni maoni yangu.

Kuhusu jina, hapa ndo Seoul ya zamani ilijenga nyumba yake yote. Ni kweli Korea ilikuwa na tetesi za Jenerali Kim anayepigana na Wajapani huko mpakani tangu miaka ya 1920, na ni kweli watu zaidi ya mmoja walihusishwa na jina hilo, mmoja alikuwa Kim Kyong-chon, ofisa aliyesomeshwa chuo cha kijeshi cha Japani akakimbia akaenda kupigana nao Siberia. Kwa hiyo wakasema basi, wa kweli alikuwa yule, huyu kijana kajipachika. Lakini polisi wa Kijapani wenyewe, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumsaidia Kim, walikuwa wanamfuatilia miaka ya 1930, na kwenye mafaili yao Kim Il Sung wanayemtafuta ni huyuhuyu Kim Song-ju wa Mangyongdae. Kujipa jina la msituni ni kitu cha kawaida kwa wapiganaji. Kwa hiyo kwenye jina Seoul ya zamani inaanguka, na nakushauri usiibebe kabisa hiyo ya feki, ukiitaja mbele ya mtu aliyesoma anakumaliza dakika moja.

Ila jiulize kwa nini waliihitaji. Serikali ya Kusini ilikuwa imejaa polisi na maofisa waliokuwa wametumikia Wajapani, na Park Chung-hee aliyetawala kuanzia 1961 alikuwa luteni kwenye jeshi la Manchukuo, dola ya kibaraka ya Japani huko Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, yani jeshi lililokuwa upande ule wa pili wa msitu. Sasa mtu kama huyo atakubalije kwamba mpinzani wake alikuwa anapigana na Japani kweli?

Msituni

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye utamu, na ndo sehemu ambayo nadhani Kim anastahili haki yake.

Familia ilihamia Manchuria akiwa mtoto, kama Wakorea wengi waliokimbia njaa na Wajapani. Akasoma sekondari ya Yuwen mjini Jilin, akafundishwa na mwalimu Mchina aliyekuwa mkomunisti anaitwa Shang Yue, mwaka 1929 akakamatwa akakaa ndani miezi kadhaa, akatoka 1930, na hakurudi tena darasani. Elimu yake rasmi iliishia hapo. Pyongyang wanasema mwaka 1926 alishaanzisha chama cha kuangusha ubeberu. Kwenye nyaraka unamkuta kijana wa kawaida wa vikundi vya vijana, alafu mwaka 1931 anaingia Chama cha Kikomunisti, na hapa shika vizuri, Chama cha Kikomunisti cha China. Pyongyang wanasema alikuwa na Jeshi la Mapinduzi la Watu wa Korea. Nyaraka zinasema alikuwa kwenye jeshi la muungano la kupinga Japani la kaskazini mashariki mwa China, ambalo amri kuu ilikuwa mikononi mwa Wachina ingawa wapiganaji wengi, hasa upande aliokuwepo yeye, walikuwa Wakorea.

Na hao Wachina walimtesa kabla hawajamwamini. Kati ya 1932 na 1935 hivi kukatokea wasiwasi kwamba Wakorea chamani ni wapelelezi wa kundi moja la vibaraka wa Japani lililoitwa Minsaengdan, wakakamatwa wengi sana na mamia wakauawa na wenzao waliokuwa wanapigana nao bega kwa bega. Kim mwenyewe alishukiwa, akanusurika. Kijana wa miaka 22 anaona makomredi wanachinjana kwa tuhuma tu, bila ushahidi, na anaona kwamba anayeshika faili la tuhuma ndiye anayebaki hai. Nikisoma alichokuja kufanya miaka ya 1950 nakumbuka sana hii Minsaengdan, na inaniuma kwamba aliyeonja kile kitu ndo akaja kuwapikia wenzake.

Alafu Pochonbo. Usiku wa tarehe 4 Juni 1937 Kim na wapiganaji wake wanavuka mto Yalu wanaingia mji mdogo ndani ya Korea yenyewe, wanashambulia kituo cha polisi, ofisi ya serikali, posta, wanachoma moto, wanagawa vipeperushi, wanaondoka. Masaa machache tu. Ukikaa upande wa Pyongyang hii ni vita kubwa iliyotikisa dola ya Japani. Ukihesabu kijeshi kwa kweli ni kitu kidogo, kituo kile kilikuwa na askari wachache mno. Lakini gazeti la Dong-a Ilbo la Seoul likatoa habari, na kwa watu waliokuwa wamekaa chini ya Japani tangu 1910, kusikia kwamba kuna mtu amevuka mpaka akawapiga ndani ya nchi lilikuwa jambo kubwa, jina la Kim Il Sung likaenda kila mahali. Hapa nyaraka na Pyongyang wanakutana nusu njia na wala usione aibu kusema kwamba jambo lile lilikuwa la ushujaa.

Baada ya hapo Wajapani wakawasaka kama wanyama. Kamanda wao mkuu, Yang Jingyu, Mchina, aliuawa Februari 1940 akiwa peke yake kwenye theluji, Wajapani wakapasua tumbo lake waone mtu huyu alikuwa anaishi kwa kula nini, wakakuta magome ya miti, mizizi ya majani na pamba. Hakuna punje ya chakula. Haya ndo maisha aliyoyapita Kim, na ndo maana mwishoni mwa 1940 alivyovuka mpaka kuingia upande wa Warusi na watu wachache waliobaki mimi siwezi kumcheka, wengi wa ngazi yake walikuwa wameshakufa au wamejisalimisha kwa Japani. Pyongyang hawataki kabisa hiyo safari isemwe hivyo kwa sababu inaharibu hesabu ya mbele.

Alirudi na nani?

Hii ndo sehemu ambayo uchaguzi wako unakuwa na uzito kuliko zote.

Kuanzia 1942 Kim alikuwa kapteni wa jeshi la Kisovieti kwenye Brigedi ya 88, kambi iko kijiji cha Vyatskoye karibu na Khabarovsk, mkuu wa brigedi ni Mchina Zhou Baozhong na Kim anaongoza batalioni moja. Hukohuko mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1941, wakamwita Yuri kwa Kirusi. Huyo Yuri ndo Kim Jong Il, ambaye Pyongyang wanasema alizaliwa 1942 kwenye kibanda cha magogo mlima Paektu chini ya nyota mpya, na kibanda chenyewe wakaja kukijenga miaka ya 1980 watu wakawa wanapelekwa kuhiji.

Agosti 1945 jeshi jekundu la Kisovieti linaingia Korea, Japani inasalimu amri, na wakati huohuo kule Washington maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, wanachukua ramani usiku wanachora mstari kwenye latitudo ya 38. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Brigedi ya Kim haikupigana kwenye hiyo vita ya Agosti. Yeye alishuka bandari ya Wonsan tarehe 19 Septemba kwa meli ya Kirusi inaitwa Pugachev, zaidi ya mwezi baada ya Wajapani kusalimu. Sasa Pyongyang wanafundisha watoto kwamba jeshi lake ndo liliikomboa nchi, na hapa hakuna nusu njia ya kukutana, ni uongo, tarehe zinakataa.

Tarehe 14 Oktoba 1945 kukawa na mkutano mkubwa Pyongyang, watu wengi sana, na Warusi wakamtambulisha Kim Il Sung hadharani. Umati ulikuwa unasubiri mzee mwenye mvi, Jenerali Kim wa kwenye tetesi zile za tangu miaka ya 1920, akapanda kijana wa miaka 33 amevaa suti, wakaanza kunong'ona huyu siye. Hapo ndo mbegu ya habari za feki ilipopandwa, haikuanzia kwenye propaganda tu, ilianzia kwenye mshangao wa watu wa kawaida waliokuwa wamesimama pale.

Kwenye jukwaa lilelile alikuwepo Cho Man-sik, mzalendo Mkristo, mtu aliyekuwa anaheshimika Pyongyang kuliko mwanasiasa mwingine yeyote. Warusi walimtaka kwanza yeye. Lakini alipokataa mpango wa nchi kuwekwa chini ya udhamini wa mataifa makubwa, Januari 1946 wakamfungia hotelini, na hakuonekana tena akiwa huru mpaka mwisho wake, inasemekana aliuawa Oktoba 1950 jeshi la Kaskazini lilipokuwa linakimbia Pyongyang. Mimi kila nikisoma kuhusu kupanda kwa Kim huwa namtafuta Cho Man-sik kwenye maandishi, na mwandishi akimruka najua anataka kunipeleka wapi.

Haki nyingine ya Kim isipotezwe hapa. Machi 1946 wakagawa ardhi, makabaila wakanyang'anywa, wakulima waliokuwa wanalima na kutoa nusu ya mavuno kwa mwenye shamba wakapewa mashamba bure, na Julai mwaka huohuo ikatoka sheria ya usawa wa wanawake. Watu walimpenda kwa hilo na mapenzi yale hayakuwa ya kulazimishwa. Seoul ya zamani haikusema kabisa hili. Pyongyang nao hawasemi kwamba miaka michache baada ya vita mashamba yaleyale yalichukuliwa yakawa ya ushirika, hakuna mkulima aliyebaki na chake.

Vita

Pyongyang: tarehe 25 Juni 1950 Marekani na vibaraka wa Kusini walishambulia, Kim akajibu, akashinda, na kila tarehe 27 Julai ni sikukuu ya ushindi.

Seoul: Kaskazini ilivamia alfajiri.

Nyaraka ziko na Seoul, na ziko na maelezo ambayo hata Seoul hawakuyajua mpaka Boris Yeltsin, rais wa Urusi, alipomkabidhi rais wa Korea Kusini baadhi ya makabrasha mwaka 1994. Januari 1950, baada ya chakula cha mchana, Kim akiwa amekunywa kidogo anamfuata balozi wa Kisovieti Shtykov anamwambia siku hizi usiku silali, nawaza jinsi ya kuiunganisha nchi. Balozi akatuma simu Moscow. Mwisho wa mwezi Stalin akajibu kwamba yuko tayari kumsaidia, na papohapo akaomba atumiwe risasi, yani ile madini ya risasi, tani 25,000 kwa mwaka. Nilisoma hiyo mara tatu. Aprili Kim yuko Moscow anapewa ruhusa kwa sharti kwamba Mao akubali, Mei yuko Beijing, Mao anakubali, Juni vifaru vinavuka. Seoul ikaanguka ndani ya siku tatu.

Kim aliahidi itakuwa vita ya siku chache. Septemba 15 MacArthur, jenerali wa Marekani, akashuka Incheon nyuma yake, jeshi la Kim likakatika katikati, Oktoba Wachina wakaingia kumwokoa, na kuanzia hapo uongozi wa vita ulikuwa wa jenerali wao Peng Dehuai, wala si wa Kim. Watu zaidi ya milioni mbili walikufa, wengi raia. Marekani ilidondosha tani 635,000 za mabomu, na napalm, yale mabomu ya moto, zaidi ya tani 32,000, miji ya Kaskazini ikabaki majivu, watu wakaishi kwenye mahandaki. Hili ukichagua nyaraka lazima ulibebe pia, maana ukisema tu "Kim alianza" ukanyamaza kuhusu mabomu hutaelewa kwa nini mtu wa Kaskazini anaamini kila anachoambiwa kuhusu Mmarekani, bibi yake alikuwa kwenye handaki. Na Seoul ya zamani nayo ilikuwa na ya kwake ya kunyamazia, kisiwa cha Jeju kuanzia 1948 waliuawa watu wasiopungua 14,000, wengi na vikosi vya serikali, na kiangazi cha 1950 polisi wa Kusini wakapiga risasi makumi elfu ya watu walioandikishwa kama wakomunisti wa zamani, wakazikwa kwenye mitaro. Mpaka miaka ya karibuni familia zao zilikuwa zinaogopa hata kuulizia mifupa.

Jinsi alivyobaki peke yake

Mwaka 1948 nchi ilipotangazwa, tarehe 9 Septemba, chama kilikuwa na makundi manne: waliotoka msituni na Kim, Wakorea wa Kisovieti, waliokuwa na Mao kule Yan'an, na wakomunisti wa ndani ambao mkubwa wao alikuwa Pak Hon-yong. Kundi la Kim lilikuwa dogo. Mpaka kufika 1958 limebaki lenyewe.

Pak Hon-yong alikuwa waziri wa mambo ya nje, mtu aliyefungwa na Wajapani miaka, alibambikiwa kesi ya ujasusi wa Marekani na Desemba 1955 akahukumiwa kifo, kosa lake halisi likiwa kwamba vita ilishindwa na mtu wa kubeba lawama alihitajika. Agosti 1956 kundi la Yan'an na baadhi ya wa Kisovieti wakajaribu kumkosoa Kim ndani ya kamati kuu, wakati ambapo Khrushchev, kiongozi mpya wa Moscow, alikuwa ameshamsema Stalin mbele ya chama chake, wakadhani upepo uko upande wao. Wakazomewa ukumbini, wengine usiku uleule wakakimbilia China. Septemba akaja Mikoyan kutoka Moscow na Peng Dehuai kutoka Beijing kumlazimisha awarudishe, akawarudisha, akasubiri wageni waondoke, alafu akawamaliza mmojammoja kwa miaka miwili. Mimi simjui kiongozi mwingine wa kambi ile ambaye Moscow na Beijing walimjia kwa pamoja akabaki kwenye kiti. Mwaka 1967 ikawa zamu ya kundi la Kapsan, watu waliokuwa wamemsaidia kwenye ile Pochonbo kutoka ndani.

Kwenye simulizi ya Pyongyang hawa wote ni wasaliti na wapelelezi. Kwenye Seoul ya zamani hawapo, kwa sababu kwao kibaraka ni kibaraka tu, hana haja ya kupigania kiti. Na hapo ndo Seoul ya zamani inapokosea vibaya zaidi, maana ukiamini Kim alikuwa kikaragosi wa Moscow huwezi kueleza kwa nini utawala wake haukuanguka 1991 pamoja na Moscow yenyewe.

Wananchi nao wakagawanywa kwa mababu zao, mfumo unaitwa songbun: walio karibu, wanaoyumba na maadui, na ndani ya hapo vijimakundi 51. Mjukuu wa mchungaji au wa mtu aliyekimbilia Kusini anazaliwa adui, hapati chuo, hapati kuishi Pyongyang. Na kambi za milimani ambako mtu alipelekwa na wazazi na watoto wake kwa kosa moja. Nikifikiria kwamba kwa kipimo hicho Kim Song-ju mwenyewe, mjukuu wa mzee wa kanisa, angewekwa kundi la maadui, najisikia vibaya kwa wote waliokulia humo.

Maendeleo, na kwa nini baba mdogo alimwamini

Hapa niwe mfupi. Baada ya vita Kaskazini ilijengwa haraka, kwa msaada mkubwa wa Warusi, Wachina na Ulaya Mashariki, juu ya misingi ya viwanda na umeme vilivyoachwa na Wajapani, na mpaka kwenye miaka ya 1960 ilikuwa mbele ya Kusini. Mwalimu Nyerere alienda Pyongyang Juni 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na alichokiona kilikuwa ni nchi iliyokuwa majivu miaka 15 nyuma sasa ina viwanda na shule, wanasema wamejitegemea. Neno lao Juche likasikika kwetu kama kujitegemea. Halaiki tunazozijua uwanjani kwenye sherehe, zile za watoto kugeuza vibao vya rangi, walikuja Wakorea wa Kaskazini kuzifundisha. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa mjinga.

Ila ile ya kujitegemea ilikuwa na deni ndani. Katikati ya miaka ya 1970 walichukua mitambo na bidhaa Ulaya kwa mkopo, zikiwemo gari 1,000 aina ya Volvo kutoka Sweden, wakashindwa kulipa, na deni la hizo gari Sweden wanaliandika mpaka leo. Kusini ikawapita, wakati huohuo kwa Kim inajengwa sanamu yake Mansudae ya urefu wa mita 20 na zaidi kwa kutimiza miaka 60, mwaka 1972. Mwaka 1980 kwenye mkutano mkuu wa chama mwanae akatambulishwa wazi. Wakomunisti wakarithishana kiti kama wafalme. Alikufa tarehe 8 Julai 1994 kwa moyo, na njaa iliyokuja mara baada ya hapo na kuua mamia ya maelfu ilikuwa imeshapandwa yeye akiwa hai.

Sasa wewe ushike yupi

Kama unafundisha sekondari na una vipindi viwili tu, shika nyaraka kuanzia Wonsan 1945 mpaka 1956, ndo sehemu ambayo simulizi zote nyingine zinapotosha zaidi na ndo inayoeleza yote yaliyofuata. Msitu ueleze kwa dakika kumi ila usiuruke.

Kama unachokitaka ni kuelewa kwa nini watu wa kule walilia vile mwaka 1994, basi soma Kim wa Pyongyang kwa makini na bila dharau, maana humo ndimo walimozaliwa, na kilio kingi kilikuwa cha kweli.

Kama unasoma siasa za Kusini na kwa nini wazee na vijana wao hawaelewani, Kim feki anakuhusu, soma kama habari za Kusini wenyewe.

Kama umeshika kitabu au umekutana na makala na hujui ni Kim yupi unauziwa, tafuta kama ina ile picha ya mkutano wa tarehe 14 Oktoba 1945. Picha halisi ina maofisa wa Kirusi wamepanga mstari nyuma ya Kim, na kifuani kwake upande wa kushoto kuna medali ya Kisovieti. Iliyochapwa na Pyongyang ni picha hiyohiyo, suti ileile, ila nyuma Warusi hawapo, na pale kifuani palipokuwa na medali ni kitambaa cha koti tu.